Sumaku ya kwenye mawe inajuaje Madagaska ilikuwa wapi?

SWALI: Ninafundisha jiografia sekondari hapa Dar es Salaam. Tunafundisha kwamba Madagaska iliwahi kushikana na pwani yetu, na kwamba ushahidi mmojawapo ni sumaku ya kale iliyomo kwenye miamba. Wanafunzi wananibana: jiwe linajuaje lilikuwa wapi? Na kwa nini iwe pwani yetu, wakati leo Madagaska imetazamana na Msumbiji? Halafu, kuna jaribio tunaloweza kufanya shuleni bila maabara?

JIBU: Mwalimu, swali la wanafunzi wako linahitaji kunyooshwa kidogo kwanza. Jiwe halijui lilikuwa wapi. Lilichotunza ni pembe mbili tu: siku lilipopoa au kutuama, uga wa sumaku wa Dunia ulielekea upande gani, na uliinama kiasi gani kutoka usawa wa ardhi. Ya kwanza tuiite mkengeuko, ya pili mwinamo. Latitudo, mzunguko wa bara, ramani za Gondwana (lile bara kubwa la kale la kusini), hayo yote ni hesabu tunazozijenga juu ya pembe hizo mbili, na kila hesabu ina mahali pake pa kukosea.

Lava ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, na katika joto hilo haina sumaku ya kudumu. Ikiganda, ndani yake hubaki chembe ndogo za madini ya chuma, hasa magnetiti. Magnetiti safi ikishuka chini ya nyuzi 580 huanza kushika sumaku kwa kufuata uga uliopo saa hiyo. Joto likizidi kushuka, mwelekeo ule unakwama humo. Hematiti, ile inayoyapa mawe rangi nyekundu, hushika kuanzia kama nyuzi 675. Chembe zilizo bora ni zile ndogo, chini ya mikromita moja. Hizo zinaweza kukaa na mwelekeo wao mabilioni ya miaka, ilhali chembe kubwa husahau upesi. Kwenye miamba tabaka njia ni nyingine: chembe zenye sumaku hutua chini ya maji polepole zikijipanga kama vijisindano vya dira, kisha tope linazibana. Kwenye mawe mekundu ya mchanga, sehemu ya hematiti huota baadaye kabisa, na hilo huleta ubishi kuhusu umri wa sumaku yenyewe.

Kanuni inayobeba hesabu yote ni fupi:

tan(mwinamo) = 2 × tan(latitudo)

Kwenye ikweta uga hulala sambamba na ardhi, mwinamo sifuri. Kwenye ncha husimama wima. Latitudo ya nyuzi 10 inatoa mwinamo wa 19, ya 30 inatoa 49, ya 60 inatoa 74. Kanuni inachukulia kwamba uga wa Dunia, ukiupigia wastani wa miaka mingi, unafanana na wa kipande kirefu cha sumaku kilichokaa katikati ya Dunia, kikiwa kimelala juu ya mhimili wake wa kuzunguka.

Neno "wastani" ndilo lenye uzito hapo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini, kwa hiyo kanuni inadai mwinamo wa nyuzi 13 hivi. Pima leo, utapata zaidi ya 30. Kanuni haijavunjika. Uga wa leo una mikunjo yake, na ikweta ya sumaku, pale ambapo mwinamo ni sifuri, upande wetu haipiti Kenya bali juu kabisa, Ethiopia. Mikunjo hiyo huhama karne hadi karne, na ukiijumlisha kwa maelfu mengi ya miaka inafutana. Sasa fikiria volkano imemwaga lava Dar leo, na mtaalamu wa miaka milioni ijayo akaokota mtiririko huo mmoja tu. Mwinamo wa 30 utampa latitudo ya nyuzi 16 kusini. Ataiweka Dar es Salaam Msumbiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ilipo. Ndiyo maana kazi ya kuheshimika huchukua mitiririko 20, 30 au zaidi, yenye umri unaotofautiana, na kila mmoja huhesabiwa kama kura moja. Ukikuta "latitudo ya kale" iliyojengwa juu ya mitiririko mitatu, iache.

Sampuli hutolewa kwa keekee ya petroli, mara nyingi injini ya msumeno wa miti iliyofungwa bomba lenye almasi mdomoni, linalokata kipande chenye kipenyo cha sentimita 2.5, kama mshumaa mnene. Msaidizi anapampu maji muda wote ili kupoza na kutoa unga. Unaingia sentimita 5 hadi 10. Kabla ya kukivunja kipande, unakivisha mrija usio wa chuma wenye ufa mwembamba ubavuni na kijukwaa juu. Kwenye kijukwaa unasoma tundu limeinama kiasi gani na linaelekea wapi, kisha unapitisha waya wa shaba kwenye ufa na kuchora mstari ubavuni mwa kipande. Thamani yote ya sampuli imo kwenye mstari huo. Kipande kikikatika na kuzunguka ndani ya tundu kabla hakijachorwa, kitupe; hakuna kukisia. Vipande 6 hadi 8 kwa mtiririko mmoja vinatosha, vikiwa vimeachana mita kadhaa ili bonge moja lililoteleza lisiharibu vyote.

Dira ya kawaida haiaminiki juu ya basalti, maana mwamba wenyewe unaivuta. Dawa ni dira ya jua: kijiti kinasimamishwa juu ya sahani yenye nyuzi, unasoma pembe ya kivuli, unaandika saa hadi dakika pamoja na mahali ulipo, halafu mwelekeo wa jua unahesabiwa baadaye. Katika nchi zetu hapo pana mtego ambao watu wa Ulaya hawaujui sana. Adhuhuri jua liko karibu na utosi, kivuli kinakuwa kifupi mno, na mwelekeo wake unageuka kwa kasi, hata kosa la dakika mbili linaweza kukugharimu nyuzi kadhaa. Dar es Salaam, siku za mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama wima kabisa. Soma kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri.

Mtego mwingine wa tropiki ni radi. Kilele cha kilima kinavutia, mwamba uko wazi, hauna majani wala udongo. Huko ndiko radi hupiga. Mkondo wake wa maelfu ya ampea huandika upya sumaku ya mwamba kwa mita kadhaa kuzunguka. Dalili zake ni mbili. Ukitembeza dira karibu na mwamba, sindano inayumba nyuzi 20 au 30 kati ya hatua moja na nyingine. Na maabara utakuta sampuli zina nguvu isiyo ya kawaida, kila moja ikielekea upande wake. Kwa hiyo afadhali machimbo ya kokoto, makorongo ya mito na mikato ya barabara. Huko pia unaepuka mwamba uliooza kuwa udongo mwekundu, ambao sumaku yake ni ya kutu ya juzi.

Usiondoke bila kupima tabaka limelala kwa pembe gani na kuelekea upande gani. Kwa mawe ya mchanga ni rahisi. Kwa lava ni kazi, kwa sababu lava huweza kuganda juu ya mteremko, ukadhani ardhi ndiyo iliyoinamishwa baadaye.

Maabara vipande hukatwa urefu wa milimita 22 hivi na kupimwa ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya uga wa Dunia. Hapa ndipo penye kazi ngumu, na ndipo matokeo mengi ya zamani yalipoharibikia. Sampuli haina sumaku moja. Ina ile ya kale, na juu yake zimepakwa nyingine: ya uga wa leo, ya kutu, ya moto wa volkano ya baadaye. Ukiipima jumla yake tu umepima uji wa kila kitu.

Kwa hiyo tunaisafisha kwa moto. Sampuli inapashwa hadi nyuzi 100, inapozwa mahali pasipo na uga wowote, inapimwa. Kisha 150, 200, na kuendelea kwa hatua za 50 hadi 500. Kuanzia hapo hatua zinapungua: 520, 540, 560, 580. Kama kuna hematiti, tunasonga hadi 680. Kila hatua inafuta chembe zinazoachia katika joto hilo na kuziacha zilizo sugu. Matokeo huchorwa kwa mtindo aliouchapisha Mholanzi Zijderveld mwaka 1967: kila kipimo kinakuwa nukta, na sumaku inayoondolewa inaonekana kama mstari. Kwa kawaida unaona mstari mmoja hadi nyuzi 200 au 300, unaoelekea uga wa leo, halafu kona, halafu mstari wa pili unaoshuka moja kwa moja hadi sifuri. Huo wa pili ndio tunaoutafuta, na unapaswa kuwa na nukta 4 au zaidi. Badala ya kona ukiona mkunjo wa mviringo, ujue sumaku mbili zimepandana na joto haliwezi kuzitenganisha. Mwanafunzi mwenye haraka huchora mstari katikati ya mkunjo huo na kupata mwelekeo ambao haukuwahi kuwapo duniani.

Njia ya pili ya kusafisha ni uga unaogeukageuka, kuanzia militesla 5 hadi 100. Ni ya haraka na haiharibu madini, lakini kwa hematiti haifui dafu. Moto nao una kasoro yake: kuanzia kama nyuzi 400, baadhi ya madini ya udongo na ya salfa huungua na kuzaa magnetiti mpya ndani ya tanuri. Hivyo baada ya kila hatua tunapima pia jinsi jiwe linavyovutwa na uga mdogo. Namba hiyo ikiruka ghafla, hatua zinazofuata si za kale tena, ni za tanuri letu.

Hata baada ya hapo, sumaku sugu si lazima iwe ya siku jiwe lilipozaliwa. Mmarekani John Graham alipendekeza mwaka 1949 majaribio ya uwandani ambayo bado hayajapata mbadala. Tabaka zikiwa zimekunjwa, nyoosha mkunjo kwenye hesabu: mielekeo ikikusanyika baada ya kunyoosha, sumaku ni ya kabla ya mkunjo, ikitawanyika, ni ya baadaye. Mawe ya mviringo yaliyomo ndani ya kongomero, yaani mwamba uliojengwa kwa mawe yaliyogandamana, yawe na mielekeo ya ovyo. Yote yakielekea upande mmoja, mwamba mzima uliandikwa upya baada ya kongomero kuwekwa. Jaribio jingine, ambalo mimi naliamini kuliko yote, ni la mwamba uliochomwa. Lava inapopenya kwenye mwamba mzee, sehemu iliyounguzwa lazima ifanane na lava, na ukienda mbali lazima ukute mwelekeo tofauti. Ukikuta mwelekeo uleule kila mahali, umepoteza safari.

Miamba tabaka ina dhambi yake ya ziada. Tope linapobanwa, vijisindano vinalazwa, mwinamo unapungua. Chukua bonde lililokuwa nyuzi 30, mwinamo wake wa kweli ukiwa 49. Kubanwa kukipunguza tanjenti ya mwinamo hadi asilimia 60, jambo la kawaida kwa mawe mekundu, utasoma nyuzi 35 na kuhesabu latitudo ya 19. Bara zima limesogezwa kilomita 1,200 kuelekea ikweta na tope. Lava haina ugonjwa huu, na ndiyo sababu tukipewa nafasi ya kuchagua tunakimbilia lava.

Tuichukue basi lava moja tuone hesabu inavyokwenda: ile ya Deccan, magharibi mwa India, iliyomwagika miaka milioni 66 hivi iliyopita na kurundikana tabaka juu ya tabaka. Karibu na Mahabaleshwar, latitudo ya leo nyuzi 18 kaskazini, mitiririko mingi ina mkengeuko wa karibu nyuzi 155 na mwinamo wa karibu 48 kuelekea chini. Tan 48 ni 1.11, gawa kwa 2 upate 0.555, pembe yake ni nyuzi 29. Swali sasa ni 29 kaskazini au kusini? Mtu asiye makini ataona sumaku imeinama kuelekea chini, kama inavyokuwa kaskazini mwa ikweta, aseme India ilikuwa 29 kaskazini na baadaye ikarudi nyuma nyuzi 11. Lakini tazama mkengeuko: ukihesabu kutoka kaskazini, 155 ni karibu kusini. Lava hizi zilipoa wakati ncha za sumaku za Dunia zimegeuka, ya kaskazini ikiwa kusini na ya kusini kaskazini. Ukizigeuza unapata mkengeuko 335 na mwinamo wa 48 kuelekea juu, yaani 29 kusini. Hapo India imesafiri nyuzi 47 kwenda kaskazini, kilomita 5,200 hivi, wastani wa sentimita 8 kwa mwaka. Zile nyuzi 25 zilizopungua hadi 360 zinasema pia kwamba India ilijizungusha kinyume cha saa njiani.

Uhakika wake? Ukiwa na mielekeo mingi, takwimu alizozibuni Ronald Fisher mwaka 1953 zinakupa duara la asilimia 95, yaani eneo ambalo una uhakika wa asilimia 95 kwamba mwelekeo wa kweli umo ndani yake. Duara la nyuzi 5, ambalo ni la kawaida, katika latitudo ile linakuwa kosa la nyuzi 4 na ushei, kilomita 470 hivi kila upande. Kwa safari ya kilomita 5,200 hilo ni dogo. Kumbuka namba hiyo, maana kwa Madagaska hali ni tofauti kabisa.

Kugeuka kwa ncha kuna mizizi hapa kwetu pia. Mwaka 1963 Grommé na Hay walichapisha vipimo vya basalti ya tabaka la chini la Olduvai, ambayo ilikuwa na mwelekeo kama wa leo ndani ya kipindi kirefu ambacho ncha zilikuwa zimegeuka. Kipindi hicho kifupi, kati ya takribani miaka milioni 1.9 na 1.8 iliyopita, kinaitwa Olduvai dunia nzima, hata anapokizungumzia mtu anayechimba tope chini ya bahari ya Pasifiki.

Kitu ambacho sumaku haitoi kabisa ni longitudo. Zungusha bara lote mashariki au magharibi juu ya latitudo ileile, mwinamo haubadiliki hata kidogo. Tena, kwa bara moja pekee huwezi kujua kama bara ndilo lililohama au ncha. Unahitaji mabara mawili. Unahesabu, kwa kila umri, ncha ilionekana wapi kutoka bara hilo, na kuunganisha nukta kuwa njia. Katika miaka ya 1950 Keith Runcorn na wenzake waliona njia ya Ulaya na ya Marekani Kaskazini zina umbo linalofanana ila zimeachana kwa kama nyuzi 30 za longitudo. Ukiifunga Atlantiki, zinalaliana. Ncha haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mabara ndiyo yaliyoachana.

Sasa Madagaska. Hoja tatu zilishindana kwa miongo. Mwaka 1937 Alexander du Toit, mjiolojia wa Afrika Kusini, aliiweka kaskazini, ikiegemea Tanzania, Kenya na Somalia. Wengine waliisukuma magharibi moja kwa moja hadi Msumbiji. Kundi la tatu lilisema haijasogea. Njia ya kupima ni kuchukua miamba ya Karoo, yaani tabaka za kale za vipindi vya Permi na Triasi, miaka kama milioni 300 hadi 200 iliyopita, kutoka pande zote mbili na kuhesabu ncha ya kila upande. Kwa bahati miamba hiyo ipo kwa wingi: magharibi mwa Madagaska, na kwetu kuanzia Tanga na nyuma ya Mombasa hadi Ruhuhu na Songwe. Neil Opdyke alichapisha vipimo vya mawe mekundu ya Permi ya kusini-magharibi mwa Tanganyika mwaka 1964. Kama vilikuwa kipande kimoja, ncha zao lazima ziwe moja. Unaisogeza Madagaska kwenye tufe, ncha yake inasogea nayo, na unaangalia ni wapi inaangukia juu ya ile ya Afrika.

McElhinny, Embleton, Daly na Pozzi walichapisha jibu mwaka 1976: ncha zinakubaliana Madagaska ikiwa kaskazini, ubavuni mwa pwani yetu. Kuna kipimo kingine ambacho kwangu kina nguvu zaidi kuliko kinavyosifiwa. Volkano za Madagaska za miaka kama milioni 90 iliyopita zinatoa ncha inayolingana na ya Afrika bila kusogeza kisiwa. Maana yake kufikia wakati huo kilikuwa kimeshafika kilipo. Kama kilisafiri, kilisafiri kati ya Triasi na hapo.

Hata hivyo nisikufiche, Mwalimu. Kutoka pwani yetu hadi kilipo leo ni zaidi ya kilomita 1,000, nyuzi 10 na kidogo. Ukikumbuka kosa la nyuzi 4 kila upande, na hapa ncha ni mbili, kila moja na kosa lake, na nyingi zimetoka kwenye mawe mekundu yenye ule ugonjwa wa tope, utaona kwamba jibu la mwaka 1976 lilikuwa zuri lakini limekaa ukingoni mwa uwezo wa njia yenyewe. Lililofunga mjadala lilitoka baharini, na lilikuwa sumaku hiyohiyo kwa sura nyingine. Sakafu ya bahari inapofunguka, lava mpya huganda pande zote mbili za ufa na kuandika uga wa wakati wake. Ncha zikigeuka, mstari mwingine unaanza. Meli inayovuta kipima-sumaku inaisoma mistari hiyo kutoka juu. Mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey walionyesha mistari ya namna hiyo katika bahari ya kina iliyo kati ya Somalia, Kenya na kaskazini mwa Madagaska. Inaelekea mashariki na magharibi. Sakafu yenye mistari ya mashariki na magharibi imefunguka kwa kwenda kaskazini na kusini, si vinginevyo. Kisiwa kilichotoka Msumbiji kingeacha mistari inayosimama kaskazini na kusini. Alama ya safari hiyo ya kwenda kusini bado ipo: Ukingo wa Davie, mgongo mrefu chini ya maji unaoshuka kusini kupitia Mlango wa Msumbiji, ambao Madagaska ilisuguana nao ikipita. Safari ilianza kama miaka milioni 165 iliyopita na kukoma kati ya milioni 130 na 120.

Wanafunzi wakitaka ushahidi wanaoweza kuushika, waambie kuhusu Idusi, tabaka la chini kabisa la Karoo katika bonde la Ruhuhu, lenye mashapo yaliyoachwa na barafu, na juu yake makaa ya mawe ya Mchuchuma. Leo hapo ni nyuzi 10 kusini. Sumaku ya Gondwana ya wakati ule inaiweka Tanzania kwenye latitudo za juu za kusini, na mawe yenyewe, bila kuulizwa habari za sumaku, yanasema palikuwa na barafu.

Sasa jaribio la shuleni. La kwanza ni la simu. Pakua programu yoyote ya kupima sumaku inayoonyesha X, Y na Z. Nendeni katikati ya uwanja wa mpira, mbali na magoli ya chuma. Darasani nondo za zege zitawadanganya. Vua kava la simu kama lina sumaku, zungusha simu hewani kwa umbo la namba 8 ili ijirekebishe, ilaze juu ya kiti cha plastiki. Sehemu ya uga iliyolala usawa wa ardhi ni kipeuo cha pili cha jumla ya X² na Y². Tanjenti ya mwinamo ni Z ukigawa kwa huo. Rudia simu ikiwa kifudifudi na uchukue wastani wa ukubwa wa Z, maana kihisi huwa na kosa la upande mmoja. Nguvu ya uga mzima ikizidi mikrotesla 40, karibu yenu kuna chuma. Mtapata mwinamo wa zaidi ya 30, na hapo mwulize mwanafunzi mmoja alinganishe na 13 ya kanuni.

La pili ni la tofali la kuchoma, maana tanuri la matofali ni volkano ndogo. Zungumza na fundi kabla hajawasha. Chukua matofali mabichi matano yatakayokaa katikati ya tanuri, si pembeni ambako moto ni hafifu, na ukwaruze kwa msumari mshale wa kaskazini na alama ya juu. Baada ya kuchomwa na kupoa, weka dira yenye sindano ndefu juu ya meza ya mbao isiyo na misumari. Sogeza upande wa tofali uliokuwa umetazama kaskazini karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya sindano, ukitokea mashariki. Sindano inapaswa kusukumwa magharibi. Ligeuze tofali, upande uliotazama kusini uje palepale. Sasa inapaswa kuvutwa mashariki. Usitarajie sindano izunguke, ni nyuzi 1 au 2, pengine chini ya hapo, kwa hiyo mmoja asome bila kujua ni upande upi umewekwa. Sindano ikivutwa upande uleule kila mnapogeuza, tofali linavutwa tu na dira, halijatunza kitu, au lina kipande cha chuma ndani. Tofali bichi la udongo uleule ndilo la kulinganishia. Na matofali mawili kati ya yale matano yakikataa kukubaliana na mengine, muulizeni fundi kama tanuri liliporomoka kidogo moto ukiwa bado unawaka.